Sanaa Inayongoja Mkono

Swali la leo ni jepesi kulitamka. Je, sinema, kurasa za intaneti na michezo ya video ni sanaa, au ni vitu vya kupitishia muda tu? Katika mji kama Kasomeno, hapa Katanga nchini Kongo, swali hili halihitaji ukumbi wa sinema ili liwe na maana. Barabara ya Lubumbashi inagawanyika hapa, upande mmoja ukienda Kasenga kwenye mto Luapula na mwingine ukienda Kilwa hadi Pweto, na filamu zinapita humo humo pamoja na chumvi na sabuni, zimefichwa ndani ya kadi ndogo ya simu isiyozidi ukucha. Wengi wakitaka jibu hugeuza shingo kutazama Paris au New York wanasemaje. Mimi nadai kwamba jibu lilikwisha kutolewa Katanga kabla ya umeme, na mafundi wa mbao na shanga, kisha wachoraji wa Lubumbashi wakalirudia kwa neno moja la Kiswahili. Jibu lenyewe ni hili: kazi ya sanaa haimaliziki mkononi mwa aliyeitengeneza. Inangoja mkono wa pili, au mdomo wa pili, ndipo iwe imetimia.

Nianze na mpinzani, tena mpinzani mwenye akili. Aprili 2010 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliandika kwamba michezo ya video haiwezi kuwa sanaa kamwe. Alisema mchezo una sheria, pointi, lengo na mwisho, na kwamba mtu anaweza kuushinda. Riwaya haishindwi, ngoma haishindwi, filamu haishindwi. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ametoa hoja nyingine ambayo kwangu ndiyo yenye meno: kwamba fasihi na filamu za maana zinadai mtunzi ashike usukani, ilhali mchezo unampa mchezaji usukani huo. Kama wewe ndiye unayeamua shujaa apite mlango gani, mtunzi yuko wapi? Vijana walimjia juu, na miezi michache baadaye alikiri kwamba hakupaswa kutamka vile bila kuwa tayari kukaa na kucheza. Lakini kukiri huko ni adabu tu, si jibu. Hoja ya usukani imebaki pale pale, na anayetaka kuitetea gemu kama sanaa sharti aikabili. Kusema kwamba picha za gemu ni nzuri hakusaidii kitu. Kalenda nyingi zina picha nzuri.

Sasa tutazame kitu kimoja cha hapa. Waluba wa Katanga walikuwa na ubao uitwao lukasa. Ni kipande cha mbao kinachoenea kiganjani, kimebanwa kidogo katikati kama kiuno, na juu yake zimepigiliwa shanga za rangi na ukubwa mbalimbali, pengine na simbi na vijiti vya chuma, pengine kimechongwa alama. Ulikuwa mali ya chama cha Mbudye, watu waliobeba kumbukumbu ya ufalme. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikatembea juu ya shanga, huku mdomo ukisimulia au kuimba: jinsi Nkongolo Mwamba alivyotawala, jinsi mwindaji Mbidi Kiluwe alivyokuja kutoka mashariki, jinsi mwanawe Kalala Ilunga alivyotwaa nchi. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na baraza lake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia, au safari. Nasema "inaweza" kwa makusudi, maana ubao haukulazimisha. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, walioongoza kitabu kikubwa juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu mwaka 1996, wameeleza kwamba usomaji wa lukasa ulibadilika kufuatana na msomaji, wasikilizaji na shughuli iliyowakutanisha. Ukoo huu ukiwa mbele yake, msomaji alitilia mkazo babu fulani. Ukoo mwingine ukija, kidole kilianza upande mwingine. Hebu tumuulize Ebert: usukani ulikuwa na nani? Fundi aliyepigilia shanga aliweka mipaka. Huwezi kusoma vita mahali pasipo na shanga, na huwezi kuruka kiuno cha ubao kana kwamba hakipo. Ndani ya mipaka hiyo msomaji alichagua njia. Ni kitu cha kushikwa mkononi, kinachoguswa kwa kidole, kisichoanzia lazima juu na kuishia chini, na hakuna mwenye akili anayethubutu leo kusema kwamba si sanaa. Majumba ya makumbusho ya dunia yanagombania kuwa nacho.

Mtu anaweza kunijibu kwamba lukasa ilikuwa chombo cha utawala, na kwamba kuifananisha na simu ni mchezo wa maneno. Mfanano wa umbo naukubali kuwa ni bahati tu. Ninachoshikilia ni mgawanyo wa kazi kati ya mtengenezaji na mpokeaji, na mgawanyo huo haukufa pamoja na wafalme wa Waluba. Uliibuka tena mjini, katika nyumba za wafanyakazi wa migodi na reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, alichunguza na Ilona Szombati-Fabian picha zilizokuwa zikichorwa na kuuzwa mitaani. Zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, bei yake ilikuwa ndogo, na wanunuzi walikuwa watu wa kawaida waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Iko picha moja iliyorudiwa na wachoraji wengi, ile ya Colonie Belge. Katikati mfungwa amelazwa chini kifudifudi, kaptula imeshushwa, na askari mweusi mwenye kofia nyekundu ameinua fimbo. Pembeni Mzungu mwenye kofia ya jua amesimama na kiko mdomoni. Mara nyingi hata hatazami. Wafungwa wengine wenye mavazi ya mistari myeusi na ya njano wanabeba mizigo. Wanawake wamekuja na vikapu vya chakula kwa ajili ya waume zao waliofungwa. Nyuma kuna jengo la matofali na bendera ya Ubelgiji. Kila kitu kimechorwa kwa utulivu, kama vile ni asubuhi yoyote ya wiki, na utulivu huo ndio unaochoma. Wachoraji na wanunuzi walipoulizwa thamani ya picha kama hiyo iko wapi, neno lililowajia ni ukumbusho.

Neno hilo lina mambo mawili ndani yake, na Kiswahili kimeyaunganisha bila sisi kutambua. Kukumbuka ni jambo la mtu mmoja, kichwani mwake. Kukumbusha kunahitaji wawili. Picha ya ukumbusho haikutundikwa ili isifiwe kwa rangi. Ilitundikwa ili mgeni akiketi na kuitazama aanze kusema: babu yangu naye alichapwa hivyo; hapana, kule kwetu ilikuwa hivi; na wewe kijana unajua hii bendera ni ya nani? Ukimya ukitawala mbele ya picha hiyo, imeshindwa, hata kama mikono na nyuso zimechorwa kwa ufundi kabisa. Tena watu hawakuona ubaya kwamba mazungumzo ya leo si ya jana. Ndiyo maana sokoni picha ile ile ilichorwa mara kumi bila aibu, jambo linalowakera wale waliofunzwa kwamba sanaa ni kitu cha pekee kisicho na pacha. Ilihitajika sebule nyingi, na kila sebule iliongeza maneno yake.

Ushahidi wa tatu ni wa jukwaani, nao nitaupitia haraka. Kundi la Mufwankolo, lililojulikana Lubumbashi nzima kwa vichekesho vyake vya Kiswahili redioni na kwenye televisheni, halikuigiza kwa kusoma maandishi. Fabian alilifuata mwaka 1986 lilipokuwa likitengeneza igizo kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na kitabu alichotoa mwaka 1990 kinaonyesha jinsi lilivyojengwa: walikubaliana juu ya mpangilio wa matukio, nani anaingia lini na ugomvi unatokea wapi, kisha kila mwigizaji akatafuta maneno yake mwenyewe, na mazoezi ya leo hayakuwa sawa na ya jana. Mpango ulikuwepo, njia ilikuwa huru. Mtengenezaji wa gemu akikueleza kazi yake atakwambia jambo hilo hilo.

Basi hoja ya usukani, kwa kipimo cha Katanga, inaanguka. Lakini sitaki ushindi wa bei rahisi, maana mtu makini atanikatiza sasa hivi: kama kila kinachongoja mkono ni sanaa, kufuli nalo ni sanaa, maana linangoja ufunguo. Ni kweli. Kungoja mkono ni sharti la kwanza tu. Sharti la pili liko ndani ya neno lile lile la ukumbusho: mkono ukishagusa, kitu kiibuke ambacho watu watakiongelea, kinachohusu maisha yao nje ya kitu chenyewe. Kwa kipimo hicho gemu nyingi zinafeli, wala sioni haya kusema hivyo mbele ya vijana. Gemu ya mpira wa miguu, ambayo ndiyo inayojaza vyumba vya kuchezea kwa pesa kuanzia Kenya hadi kwetu, imetengenezwa kwa ustadi wa kutisha. Nyasi zinaonekana, jasho linaonekana. Ikiisha, kinachobaki ni tambo: nimekufunga tatu. Kesho tambo linafutwa na matokeo mengine. Kisolo na bao ni hivyo hivyo, ni michezo ya akili kubwa, na hakuna anayeona imevunjiwa heshima kwa kuitwa michezo. Na filamu? Nyingi ya zile zilizomo katika kadi zetu zinafeli pia kwa kipimo hicho hicho, ingawa ni wachache wanaouliza kama sinema ni sanaa. Aina nzima ya kazi haihukumiwi kwa wingi wa takataka zake. Kama ingekuwa hivyo, ushairi ungekuwa umefungiwa zamani.

Gemu moja iliyofaulu kipimo hicho inatuhusu sisi Wakongo moja kwa moja. Septemba 2011 kikundi cha Molleindustria, kinachoongozwa na Mwitaliano Paolo Pedercini, kilitoa gemu ndogo ya simu iitwayo Phone Story. Ina hatua nne. Katika ya kwanza uko Kongo, kwenye mgodi wa koltani. Watoto wanachimba, na wewe, kwa kidole chako juu ya kioo, unawaongoza askari wenye silaha: mtoto akisimama kupumzika, unampeleka askari akamkaripie, maana usipofikisha kiwango kwa wakati unashindwa. Hatua ya pili uko nje ya kiwanda huko Asia, wafanyakazi wanajirusha kutoka juu, na kazi yako ni kukimbiza wavu wa kuwadaka. Ya tatu unawarushia wanunuzi simu mpya. Ya nne unachambua taka za simu zilizotupwa. Apple iliiondoa katika duka lake muda mfupi tu baada ya kutangazwa. Sasa tazameni jinsi inavyofanya kazi. Filamu juu ya mgodi huo huo ingekuonyesha askari, nawe ungemchukia kwa raha kutoka kwenye kiti chako. Hapa askari ni kidole chako. Unaweza kukataa, lakini ukikataa mchezo unakwisha. Ukiendelea, unapata pointi. Sheria, pointi, lengo na mwisho, yaani vile vitu vinne ambavyo Ebert alivitaja kama ushahidi wa kuinyima gemu heshima, ndivyo vimegeuzwa kuwa lugha ya kazi hiyo. Anayeshinda anajikuta ameshinda nini? Na kifaa anachoshindia ndicho kilichotengenezwa hivyo. Nafasi ya yule Mzungu wa Colonie Belge mwenye kiko, asiyetazama, hapa umepewa wewe.

Upande wa sinema mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu filamu haikuachii kuchagua chochote; inakwenda, upende usipende. Je, mkono wa pili uko wapi? Chukueni Machini, filamu fupi ya uhuishaji ya Frank Mukunday na Tétshim, wasanii wawili wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2019. Jina lenyewe ni la kwetu: ndivyo mashine inavyotamkwa mjini. Haina waigizaji. Ina vijiwe na chaki. Kijiwe kinasogezwa kidogo, picha inapigwa. Kinasogezwa tena, picha nyingine inapigwa. Kwa kazi ya namna hiyo sekunde moja inaweza kudai picha 12, maana yake dakika 10 ni picha 7,200, na kila moja ni mkono wa mtu uliogusa jiwe na kuondoka. Watu wanaotokea mbele yako ni mawe, katika eneo ambalo kwa zaidi ya miaka 100, tangu kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, limethaminiwa kwa mawe yake kuliko kwa watu wake. Filamu haisemi hivyo kwa maneno. Inakuachia jiwe linalotembea, na mtazamaji wa Likasi au Kolwezi anamalizia mwenyewe, kwa mdomo wake, kile ambacho mtazamaji wa Brussels huenda akakiona kama ustadi wa mikono tu. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa ametumia njia ya karibu na hiyo kwenye picha zake za Mémoire mwaka 2006: aliwakata wafanyakazi wa zamani kutoka picha nyeusi na nyeupe za kampuni, akawasimamisha mbele ya viwanda vilivyochakaa vya leo, kwa rangi. Hakuandika lawama. Aliacha nafasi kati ya picha mbili, na mtu wa Katanga akiona nafasi hiyo hawezi kunyamaza.

Intaneti nayo tuipime. Watu huizungumzia kana kwamba ni soko la kelele, na sehemu kubwa yake ni hivyo. Lakini mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na aliyejiita mwanahistoria, alimchorea Fabian kati ya 1973 na 1974 historia nzima ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika picha 101, kuanzia enzi za mababu hadi wakati ujao alioubuni mwenyewe, na juu ya kila picha akazungumza, kinasa sauti kikisikiliza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani aliko. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza. Kiswahili chake, kile cha mjini kwetu kinachosema mutu na inchi, ambacho mwalimu wa Zanzibar angekipigia mstari mwekundu kuanzia juu hadi chini, kilipata makao kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, swali kwa swali na jibu kwa jibu. Kitabu kilikuwa kimempa Tshibumba wasomaji wa vyuo vikuu. Ukurasa huo ulirudisha picha pale ilipokuwa sebuleni, yaani kando ya maneno, katika lugha ya wenye sebule. Hapo teknolojia imefanya kazi ya kisanii ambayo karatasi ilishindwa, au haikuona faida kuifanya.

Najua pingamizi iliyokaa midomoni mwa wazee tangu nilipoanza, nayo si ya Ebert. Ni hii: mnazungumzia gemu wakati mega za intaneti ni ghali na umeme unakatika, na betri zinazoendesha michezo hiyo zinabeba kobalti ya Katanga, ambayo wenye kuichimba hawaioni ikirudi. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Kuita kitu kilichotengenezwa kwa mpango huo sanaa, je, si kukipaka mafuta mazuri? Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Hata hivyo gunia la unga alilochorea Tshibumba halikuwa safi zaidi, wala rangi zake hazikuchimbwa na malaika. Ubaya wa njia ambayo chombo kimepitia haufuti kilichosemwa kwa chombo hicho; wakati mwingine, kama Phone Story ilivyofanya, ndio unaopata sauti. Na sababu inayowafanya wazee waseme tuache mambo haya kwa wenye pesa ndiyo inayonifanya niseme kinyume. Wachoraji wale hawakungoja kampuni ya migodi ya Gécamines iwape ruzuku. Waliuza kazi zao kwa bei ya mfanyakazi, wakala kwa kazi hiyo, na biashara haikuua ukumbusho hata kidogo. Kijana wa Kasomeno mwenye simu ya mitumba ana chombo kikubwa kuliko gunia. Anachokosa ni watu wa kumwambia kwamba shauri la bibi yake na mpaka wa shamba lao la mihogo linaweza kuwa gemu, lenye sheria zake ngumu na mwisho wake usiopendeza.

Novemba 2012 jumba la sanaa la MoMA, mjini New York, lilitangaza kuingiza michezo ya video 14 katika mkusanyo wake, Pac-Man na Tetris zikiwemo, na mwaka uliofuata baadhi yake ikawekwa ukumbini wageni waishike na kucheza. Waliohusika waliona kwamba gemu isiyochezwa ni sanduku tu. Katika mji huo huo, ng'ambo ya mto, jumba la Brooklyn lina lukasa moja nzuri sana ya Katanga, shanga zake bado zimeshika. Hiyo haiguswi. Ikionyeshwa, mgeni anasoma kibandiko, anaitazama dakika moja, anasogea. Ubao uliotengenezwa kwa ajili ya kidole umekuwa kitu cha macho, na ambaye kidole chake kingejua pa kuanzia yuko upande huu wa maji, kama bado yupo.